Alumina, silika, titania au zirkonia? Chagua sapoti ya katalisti kwa kuangalia kitakachoiua

Mpwa wangu alinikuta barazani Ngamiani jioni, kahawa ndo kwanza imemiminwa, na kabla hajakaa kashachomoa karatasi mfukoni. Shikamoo mjomba. Marahaba mjomba, kaa (sie huku mjomba na mpwa tunaitana hivo hivo wote wawili, wageni msishangae). Karatasi yenyewe ni orodha ya vipimo aliyopewa na muuzaji, oksidi sita saba zimepangwa, na yeye keshaizungushia duara silika kwa kalamu nyekundu. Nkamuuliza kwa nini silika, akasema mjomba si hii ndo ina mita 500 za mraba kwa gramu moja, wenzake wote wamebaki nyuma, alumina 200, zirkonia masikini ya Mungu ina 60 tu.

Sasa hapo ndo nlipoona niandike hii kitu, maana si yeye peke yake, karibu kila kijana anayeanza mambo ya katalisti (kile kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha) anachagua sapoti, yani oksidi ya kuibebea, kama mtu anaechagua shuka kwa ukubwa. Eneo la uso ni kitu kizuri, sikatai, ila ni swali la tatu au la nne. Swali la kwanza ni hili: huko ndani ya riakta, mtungi wa mmenyuko, kuna nini kitakachoiua hii sapoti? Mvuke? Salfa? Joto? Maji ya moto? Asidi? Uzito wa mzigo wenyewe? Ukishajua adui yako nani, nusu ya orodha inajifuta yenyewe na wala huhitaji kalamu nyekundu. Fundi wa nyumba huku Tanga anajua hili bila kwenda shule, ukimwambia unajenga Raskazone karibu na maji hakuulizi kwanza tofali lina upana gani, anakuuliza nondo umezifunika vipi na chumvi.

Kwa ambao hawajazoea, sapoti ni ule mwili wa kubeba. Metali inayofanya kazi (nikeli, platinamu, paladiamu, kobalti) inawekwa kama chembe ndogo sana za nanomita chache juu ya oksidi yenye vitundu vingi, kwa sababu ukiiacha peke yake kwenye joto chembe zinatembea zinakutana zinakuwa donge, na donge lina uso mdogo. Kuna kanuni ya mkono tu: chukua joto la kuyeyukia la metali kwa kelvini, gawa kwa mbili, rudisha kwa selsiasi (digrii zote humu ni za selsiasi), hapo ndo chembe zinaanza kuhama kwa kasi. Shaba inaangukia kama digrii 400 hivi, nikeli kama 590. Kwa iyo mtu anaendesha nikeli kwenye digrii 800 tayari anaishi eneo la hatari, na sapoti ndo inayomzuia asizame.

Mpwa wangu kazi yake ni hii: chuoni kwao wanataka mtambo mdogo wa majaribio, wachukue bayogesi ya mabaki ya mkonge waigeuze iwe haidrojeni na kaboni monoksidi. Wazo lina akili kwa mkoa huu. Jani la mkonge nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu ya uzito, lililobaki lote ni maji na makapi, na pale Hale palishajengwa mtambo wa bayogesi ya mabaki hayo kitambo. Bayogesi kwa kukadiria ni methani 60 kwa mia na kaboni dayoksidi 40, juu yake kuna mvuke na ile haidrojeni salfaidi inayonuka mayai viza. Joto ni digrii 700 mpaka 900. Katalisti ya kawaida ni nikeli. Shikilieni hiyo picha, ntairudia, maana kila sapoti naipima na hii kazi alafu nasema ingefaa wapi kwengine.

Meza ya haraka kwanza kwa wasio na subira. Namba ni za kawaida za viwandani, muuzaji wako anaweza akawa juu au chini kidogo:

| Sapoti | Mita za mraba kwa gramu | Uso usio na chaji kwenye pH | Inachokiogopa |
|---|---|---|---|
| Gamma alumina | 150–300 | 8 hivi | oksidi za salfa, maji ya moto, joto la kupita 1000 |
| Alfa alumina | chini ya 10 | 8–9 | kidogo sana, ila haishiki metali nyingi |
| Silika | 200–600 | 2 hivi | mvuke mkali, besi |
| Titania (anatesi) | 50–150 | 6 hivi | joto la kupita 600 hivi |
| Zirkonia | 50–100 | 6–7 | mfuko wako |
| Magnesia | 20–150 | 12 hivi | unyevu na hewa ya kawaida tu |
| Seria | 50–150 | 6–8 | joto kali ikiwa peke yake |

Alumina naanza nayo na ntakaa nayo, kwa sababu ukweli ni kwamba kama huna sababu ya kuikataa basi chukua gamma alumina, ulale (gamma na alfa ni alumina ileile, fuwele tu ndo zimejipanga tofauti). Ni rahisi kwa bei, ni ngumu haivunjiki ovyo, inafinyangwa umbo lolote unalotaka, mipira, vijiti, pete, na uso wake una asidi kidogo na besi kidogo kwa iyo metali nyingi zinaikubali. Inatengenezwa kwa kuchoma boehmite kwenye digrii 500 kwenda 600 hivi, maji yanatoka inabaki gamma yenye vitundu. Dunia nzima ya kusafisha mafuta imeikalia hiyo: kobalti na molibdenamu za kutoa salfa kwenye dizeli ziko juu ya gamma alumina, na ile platinamu ya kupandisha okteni ya petroli ambayo Vladimir Haensel na kampuni ya UOP waliipeleka kiwandani 1949 nayo iko juu ya alumina iliyotiwa klorini, na hapo asidi ya alumina si kasoro, ni sehemu ya kazi. (Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia hapa Chongoleani, kilomita 1,443, watu wananiuliza kama tutakuwa na hizo katalisti huku, nawajibu hapana jamani, hapa mafuta yanapakiwa melini, hayasafishwi.)

Ila gamma ina tabia ya kubadilika ukiizidishia moto. Inapita delta, inapita theta, ikifika 1100 hivi inakuwa alfa, na alfa ni jiwe, zile mita 200 zinakuwa 5. Kibaya zaidi vitundu vikifunga vinafunga na metali yako ndani, hela imefukiwa hai. Ndo maana wanaoitumia kwenye joto kali wanaichanganya na lantani au bariamu asilimia chache, inachelewesha huo mgeuko. Alafu kuna huu ugonjwa wa nikeli na alumina, ambao mpwa wangu hakuujua kabisa: kwenye joto kali, hasa wakati wa kuchoma penye hewa, nikeli oksidi inaingia ndani ya alumina wanakuwa kitu kimoja, spineli ya nikeli (spineli ni oksidi moja yenye metali mbili ndani ya fuwele moja), rangi inageuka ya samawati, na kuirudisha ile nikeli kuwa metali unahitaji haidrojeni kwenye digrii 800 huko. Mtu anapima anaona nikeli asilimia 10 ipo, anajiuliza mbona haifanyi kazi. Ipo ndio, ila imeoa huko haitaki kurudi kwao.

Na tena asidi ya gamma kwenye methani inaita masizi. Kaboni inaota kama nyuzi chini ya chembe za nikeli inazinyanyua, vidonge vinapasuka kwa ndani, mtungi unaziba. Kwa kazi ya bayogesi basi gamma alumina tupu naipa maksi nne kwa kumi. Inaanza vizuri wiki ya kwanza alafu inakuaibisha mbele ya mwalimu.

Alfa sasa, ambayo kwenye karatasi ya mpwa wangu ilikuwa ya mwisho kabisa, wala hakuiangalia. Huwezi amini, mitambo mikubwa ya kutengeneza haidrojeni kwa methani na mvuke, digrii 800 mpaka 900 kwenye mabomba marefu, presha ya baa 20 na kupanda, inatumia alfa alumina, au alumineti ya kalsiamu, au spineli ya magnesiamu, vitu vyenye uso mdogo mno. Inawezekanaje? Kwa sababu mmenyuko ule ni wa haraka kiasi kwamba gesi haifiki katikati ya kidonge, inaisha kwenye ganda la nje tu, sehemu ndogo sana ya kidonge ndo inafanya kazi na iliyobaki inakula posho ya bure. Mita zako 500 za ndani zingemsaidia nani? Kinachosaidia pale ni umbo, ndo maana utaona vidonge vimetobolewa matundu manne, saba, kumi, ili ganda la nje liwe kubwa na gesi ipite bila kusukumana. Hili ndo lilimnyamazisha mpwa wangu mpaka kahawa ikapoa. Hiyo hiyo alfa ndo inabeba fedha kwenye kutengeneza ethilini oksidi, na pale inapendwa kwa kutofanya chochote, maana uso wenye asidi ungeichoma bidhaa hata haijatoka.

Silika, ile ya duara jekundu. Sijasema ni mbaya jamani. Uso wake umetulia, hauna asidi ya maana, haugombani na metali, kwa iyo ukitaka sapoti isiingilie kazi yako hii ndo yenyewe. Kwenye kutengeneza asidi ya salfuriki inashinda wazi: vanadi na chumvi za potasiamu zinayeyuka kabisa kwenye digrii 400 kwenda 600, zinakuwa utandu wa maji moto ndani ya vitundu vya udongo wa diatomu, ambao ni silika ya mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Ukiweka alumina pale gesi ya salfa inaila inakuwa salfeti. Silika haijali. Na kwenye plastiki kuna kisa nakipenda, Hogan na Banks wa kampuni ya Phillips 1951 walikuta kromiamu juu ya oksidi ya namna hii inageuza ethilini kuwa plastiki ngumu, hii ya madumu na ndoo tunazochotea maji, na mpaka leo silika inabeba kromiamu hiyo na uzuri wake mmoja ni kwamba plastiki ikikua ndani ya vitundu silika inapasuka vipande vipande, uso mpya unafunguka, kazi inaendelea. Yani udhaifu wa kuvunjika ambao kwengine ni msiba hapo ndo sifa.

Lakini mvuke! Kwenye mvuke wa joto kali na presha silika inageuka asidi ya silika yenye kuruka na gesi, inaondoka zake, alafu inaenda kuganda kwenye mabomba ya mbele huko yaliyopoa. Sie Tanga tunasema waja leo waondoka leo na kila mtu anajua mgeni wa Tanga haondoki, ila silika kwenye mvuke yenyewe inaondoka kweli. Na kwenye besi inayeyuka pia. Kwa iyo kwa bayogesi yenye maji ndani, digrii 800, futa. Nkachukua kalamu ya mpwa wangu nkaikata ile duara mwenyewe.

Kuna jambo la chaji za uso ambalo wengi wanaliruka alafu wanalia, na mimi nlilia kabla yenu. Kila oksidi ina pH ambayo uso wake hauna chaji. Ukiwa chini ya hiyo pH uso unakuwa chanya, juu yake unakuwa hasi. Alumina ni 8 hivi, silika 2 hivi. Sasa asidi ya kloroplatinamu, dawa ya kuwekea platinamu kwenye sapoti, platinamu yake iko kwenye ayoni hasi, kwa iyo ukiimwagia alumina inadakwa palepale, tena kwa pupa mpaka inabaki ganda la nje tu, watu wanaongeza asidi ya sitriki ili igombanie nafasi platinamu isogee ndani. Ukiimwagia silika haidakwi na chochote, inaelea tu kwenye maji ya vitundu. Enzi zangu mahali fulani nlipokuwa najifunza kazi nkatengeneza bechi nzima ya silika kwa hiyo dawa, nkaikausha haraka haraka maana jumamosi ilikuwa na mechi, maji yakakimbilia nje kukauka yakaburuza platinamu yote pembeni, vidonge katikati vyeupe pee na kando vyeusi kama chapati iliyoungua. Kwa silika unatumia platinamu yenye amonia ambayo ayoni yake ni chanya, pH ya upande wa besi kidogo, usizidishe isije ikaanza kuyeyuka, na unakausha polepole. Kwa iyo ukilinganisha bei ya sapoti linganisha na bei ya chumvi ya metali utakayolazimika kununua, wakati mwengine hapo ndo tofauti ilipo.

Titania ni ya watu wenye salfa. Mitambo ya kuondoa oksidi za naitrojeni kwenye moshi wa makaa na matanuru makubwa inatumia vanadi na tangsteni juu ya titania ya anatesi (aina moja ya fuwele zake), wanapuliza amonia, digrii 300 mpaka 400, na sababu kubwa ya titania kushinda alumina pale ni kwamba moshi una salfa, alumina ingekuwa salfeti vitundu vikaziba, titania haishikani nayo kwa nguvu. Ukiona bomba la moshi la kiwanda chochote chenye tanuru kubwa, iwe saruji au umeme, na ukaambiwa wanafikiria kichujio cha naitrojeni, jua titania inatajwa kwenye kikao hicho. Shida yake, anatesi ikipata joto la kupita 600, 700 inageuka rutaili, fuwele ya aina nyengine, na uso unaporomoka, na vanadi ikizidi inaharakisha, tangsteni ndo inashika breki. Pia titania ina ukorofi wa aina yake. 1978 Tauster na wenzake wa Exxon walionyesha kwamba ukiipasha titania yenye platinamu kwenye haidrojeni digrii 500, metali inaacha kabisa kudaka haidrojeni na kaboni monoksidi wakati chembe hazijakua hata kidogo. Baadae ikajulikana kwamba oksidi inakuwa pungufu ya oksijeni inatambaa inaipanda metali kama ukungu kwenye ukuta wa bafu. Ukiichoma tena kwenye hewa inarudi. Kwa kazi zengine huo utando mwembamba unasaidia uchaguzi wa bidhaa, ila kwa mtu aliye na haidrojeni na joto la 800 kila siku ni matatizo tu. Futa na hii.

Zirkonia bwana ni ya matajiri, ila ukiwa na maji ya moto utaipenda. Gamma alumina ukiichemsha kwenye maji ya digrii 200 ndani ya mtungi wa presha inaanza kurudi kuwa boehmite, yani inarudi alikotoka, vitundu kwisha. Zirkonia inakaa. Kwa iyo siku mpwa wangu akiacha gesi akaingia kwenye sukari za makapi ya mkonge, atengeneze kemikali ndani ya maji, hapo ntamwambia auze hata simu anunue zirkonia. Ukiitia salfeti inakuwa asidi kali ya ajabu. Ina aina tatu za fuwele, na ile ya kawaida inageuka kwenye digrii 1170 hivi na ujazo unabadilika asilimia 4 au 5, inatosha kupasua kidonge, ndo maana wanatia itria (oksidi ya itriamu) kidogo kuituliza.

Hapa kwenye zirkonia kuna hesabu naomba muifanye kabla hamjasaini oda. Riakta inajazwa kwa lita, wala haijazwi kwa kilo! Zirkonia ni nzito. Tuseme lita moja ya vidonge vyake ina kilo 1.2, ya alumina kilo 0.6, ya silika kilo 0.4. Silika ya mita 400 kwa gramu inakupa mita 160,000 kwa lita, alumina ya 200 inakupa 120,000, zirkonia ya 60 inakupa 72,000. Ukihesabu kwa gramu silika hii inaizidi zirkonia karibu mara saba, ndani ya riakta mara mbili na kitu. Ila pia upande wa pili wa shilingi, kilo moja ya zirkonia ni ghali kuliko ya alumina na bado unahitaji kilo mara mbili kujaza mtungi uleule, kwa iyo maumivu ya mfuko yanajizidisha. Nimeona watu wanalinganisha bei ya kilo kwa kilo wakati gunia moja ni la pamba na lingine la misumari.

Seria kwa kifupi, kwa sababu watu wanaishabikia kupita kiasi. Kazi yake ni kuvuta na kutoa oksijeni, seriamu inabadilika kati ya chaji 4 na 3 bila kuchoka. Lile sega la ndani ya ekzosi ya gari, mwili wake ni kodieraiti, udongo usiotanuka, juu yake wamepaka alumina yenye lantani na ndani ya rangi hiyo kuna seria iliyochanganywa na zirkonia, maana seria peke yake kwenye joto la ekzosi uso wake unaisha. Kwa iyo hata kwenye kazi yake maarufu kuliko zote seria ni kiungo, wali wenyewe ni alumina. Kwa bayogesi ukitia asilimia chache inasaidia kuchoma masizi yanayoanza kuota. Mtungi mzima wa seria ni kutafuta sifa.

Magnesia nlitaka niipende. Ni besi, inaipenda kaboni dayoksidi, masizi hayaoti kirahisi, na nikeli oksidi inayeyukiana nayo vizuri, chembe zinabaki ndogo (ingawa kuitoa tena nikeli humo ni shughuli kama ya ile spineli ya samawati). Lakini ndugu zangu, tuko Tanga. Unyevu wa huku kitabu kinaota ukungu kabatini. Magnesia ikivuta maji inakuwa haidroksidi inavimba, ikivuta hewa inashika kabonati, na kidonge kilichovimba kikipashwa moto tena kinapukutika unga. Mpwa wangu kumbe walishaleta gunia moja la magnesia kama sampuli, likakaa stoo wiki tatu limefungwa kwa kamba tu. Nkamwambia hiyo sasa hivi si magnesia.

Na hili la unyevu linaenda mpaka kwa alumina na silika pia, haziharibiki ila zinakunywa. Gamma alumina ikikaa wazi huku pwani inaweza kubeba maji asilimia 10 na zaidi ya uzito wake, ukipima kilo moja kumbe oksidi ni gramu 900, asilimia ya metali uliyoiandika kwenye daftari inakuwa uongo. Pasha kwanza, pooza penye ukavu, ndo upime.

Kuna wale wataniuliza kwa nini tusitumie chokaa yetu, mawe ya Amboni yamejaa, mapango yote yale ni mawe ya chokaa, choma kwenye digrii 900 upate kalsiamu oksidi. Kwa kugeuza mafuta ya kula kuwa dizeli kalsiamu oksidi inafanya kazi kweli, ila hapo ndo katalisti yenyewe wala haibebi mtu, na mafuta yaliyokwisha kaangia chipsi yana asidi huru, inakula kalsiamu mnapata sabuni mnashindwa kutenganisha. Kwenye joto la 800 chokaa tupu uso wake unajifunga haraka. Ikiolewa na alumina ikawa alumineti ya kalsiamu hapo sawa, hiyo niliitaja juu. Na watu wanaosema mkoa una kila kitu, boksaiti Magamba huko Lushoto, mchanga wenye titani na zirkoni pwani ya kusini, naelewa uzalendo, lakini madini ya mlimani na sapoti ya katalisti ni kama mbegu ya pamba na kanzu. Katikati hapo kuna kuyeyusha, kusafisha chuma na sodiamu mpaka kiasi kidogo kabisa, kuchuja, kufinyanga. Sodiamu kidogo tu inaua asidi ya alumina.

Haya tumefika kwa jibu la mpwa wangu. Nlimshauri spineli ya magnesiamu na alumina. Ina besi ya kutosha kupunguza masizi, maji haiyaogopi kama magnesia, nikeli haiwezi kuingia humo kirahisi maana nafasi za ndani magnesiamu keshazikalia, na inavumilia 900 bila kelele. Uso wake ni mita 20 mpaka 100 kutegemea ilivochomwa, inatosha na kubaki. Akikosa, basi gamma alumina yenye lantani, aichome 900 yeye mwenyewe kabla ya kuweka nikeli, ili mgeuko ule utokee mapema metali haijafukiwa. Ila nkamwambia hata spineli haitamuokoa na ile harufu ya mayai viza, nikeli inakufa kwa salfa ya sehemu chache tu kwa milioni. Aweke mtungi wa kutu ya chuma kwanza, kutu ya kawaida inayoshika salfa bila kupashwa, alafu zinki oksidi kwenye digrii 350 hivi imalizie. Hiyo zinki oksidi si sapoti, ni mlinzi wa mlango, inakufa yeye ili nikeli iishi, na inabadilishwa ikishakuwa zinki salfaidi.

Kabla ya kulipa nkampa vipimo viwili visivyohitaji mashine. Chukua vidonge kumi vikavu vitumbukize kwenye maji, ukisikia vinatatarika na kupasuka, ujue vitapasuka hivo hivo siku ya kuvilowesha na chumvi ya nikeli, mrudishie muuzaji. Alafu weka gramu 100 kwenye chupa ya plastiki tikisa dakika kumi kama unatikisa togwa, chekecha, pima unga uliotoka, linganisha muuzaji kwa muuzaji. Unga ndo unaoziba mitungi, na hakuna namba ya BET (kile kipimo cha eneo la uso) inayokwambia hilo.

Akaandika yote nyuma ya ile karatasi. Alafu akaniuliza, sasa mjomba lile gunia la magnesia nilifanyeje, nkamwambia kwanza ulizeni nani alilifunga kwa kamba. Akacheka akaangalia chini. Kumbe ni yeye.